Antigone, Clytemnestra, Medea: walitetewa au walitolewa mfano?

msomaji_wa_tanzia:
Wadau, nimemaliza Antigone, tanzia ya Kigiriki ya Sophocles, na nina swali. Msichana anamzika kaka yake, Polynices, ilhali mfalme Creon, mjomba wake mwenyewe, amepiga marufuku. Creon anatamka waziwazi kwamba binti huyu akiachwa bila adhabu, basi mwanamume ni yeye, si mimi. Anamfungia pangoni akiwa hai, naye anajinyonga. Kwa Aeschylus, malkia Clytemnestra wa Argos naye anauawa na Orestes, mwana aliyemzaa. Hawa waandishi walimtetea mwanamke, au waliwaonyesha Waathene yatakayomkuta asiyetulia nyumbani?

mama_wa_jukwaa:
Ndugu yangu, hebu tazama Antigone anafanya nini hasa. Kuosha maiti na kuomboleza zilikuwa kazi za wanawake wa ukoo. Hakushika upanga. Mlinzi anasimulia: alipoona maiti imefunuliwa tena, alilia kwa uchungu kama ndege aliyekuta kiota kitupu, akachota vumbi kavu kwa mikono yake, akainua mtungi wa shaba na kummiminia marehemu mara tatu. Amri ya mfalme ameivunja kwa kutimiza wajibu uleule aliolelewa nao! Ismene, aliyesema sisi wanawake hatuwezi kupigana na wanaume, ndiye aliyeuacha wajibu huo, ingawa baadaye aliomba afe na dada yake.

Na adhabu ilimwangukia nani? Creon anabaki na maiti mbili: mwanawe Haemon, mchumba wa Antigone, na mkewe Eurydice. Wote wamejiua. Mimi sioni onyo kwa wanawake hapo, naona onyo kwa mtawala asiyesikia.

mdau_wa_Argos:
Kwa Antigone nakubali, dada. Kwa Clytemnestra, hapana. Aeschylus, mwaka 458 KK, anampa utukufu wote katika tamthilia ya kwanza kati ya tatu zake: mumewe yuko vitani Troya, yeye anatawala, na mlinzi juu ya paa anasema moyo wake hupanga mambo kama wa mwanamume. Kisha anasimama juu ya maiti ya Agamemnon na kueleza mapigo yake matatu bila kutetemeka. Ana sababu, maana Agamemnon alimtoa kafara binti yao Iphigenia. Lakini fika tamthilia ya tatu: mungu Apollo anadai mama si mzazi wa kweli, ni mlezi tu wa mbegu ya baba, na Orestes anaachiliwa huru. Hoja hiyo inaniuma kila ninapoisoma. Damu ya mama imehesabiwa kuwa nyepesi.

mama_wa_jukwaa:
Hapo sikupingi. Ila msimsahau Medea wa Euripides, 431 KK, aliyeachwa na mumewe Jason. Anasema afadhali asimame vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja, na aliyetamka maneno hayo mbele ya Waathene alikuwa mwigizaji wa kiume aliyevaa kinyago. Kuua watoto wake simtetei hata kidogo. Lakini Euripides hakumwadhibu: anaondoka Korintho kwa gari la mungu Jua, Jason akibaki chini akipiga kelele. Katika mashindano ya tanzia Euripides alishika nafasi ya tatu, yaani ya mwisho.

msomaji_wa_tanzia:
Asanteni sana. Na anakokimbilia ni Athens kwenyewe, kwa mfalme Aegeus aliyemwapia hifadhi! Watazamaji waliambiwa muuaji huyo anakuja mjini kwao. Nani ana maelezo ya hilo?