Mikono anayo, lakini dauni ya tatu hapatikani: nimjengeje mpokeaji wa yadi saba?

Yadi_Saba:

Wakuu, naombeni msaada, akili yangu imegota.

Kwenye mchezo wetu wa kompyuta wa futiboli ya Kimarekani, ambao kila mtu anaumba mchezaji wake na kumjenga kwa pointi, nina mpokeaji wa pembeni (kazi yake kukimbia na kudaka pasi), huu ni msimu wake wa tatu. Tangu siku namuumba sikutaka yule wa kupiga mbio uwanja mzima akisubiri bomu, yaani pasi ndefu. Hao wamejaa, kila timu inao wawili na wa tatu yuko benchi ananuna. Mimi nilitaka wa kazi chafu. Dauni ya tatu (timu ina dauni nne, yaani majaribio manne, za kusogea yadi kumi), zimebaki yadi sita, uwanja mzima unajua mpira unakwenda kwake, na bado anaunyaka. Yadi saba, anabamizwa chini, anainuka, anampa mwamuzi mpira, tunaanza dauni ya kwanza upya. Basi, sitaki zaidi ya hapo.

Kwa hiyo pointi zangu nyingi nilizimwaga kwenye kudaka. Leo amesimama hivi: kudaka 80, kasi 58, kuruka 55, wepesi 44, pumzi 40, nguvu 38, uoni 35, ujasiri 30. Kimo futi 6 na inchi 3, maana nilidhani warefu ndio wanaorushiwa.

Mikono 80, jamani! Kwenye ligi yetu sijaona mwingine. Na mechi iliyopita karushiwa mipira 9, kadaka 4, yadi 31. Dauni ya tatu alitafutwa mara 5 na tukapata dauni mpya mara moja tu. Mwenye timu kaniandikia ujumbe wa maneno mawili: "Mchezaji wako anadondosha." Sawa, ni matatu. Nimeyasoma mara nyingi kiasi kwamba hesabu imenipotea.

Nina pointi 14 sijazigusa. Nisukume kudaka mpaka itakapofika, au nimekosea tangu mwanzo?

Bomu_Tu:

Muuze, nunua mwenye mbio. Karibu.

Lainibeki_Mstaafu:

Usiguse hizo pointi kwanza. Na huyo wa juu msamehe, kila uzi anasema hivyo hivyo.

Fungua ripoti ya mechi, ile ndefu ya mchezo kwa mchezo ambayo watu hawaisomi. Itafute mipira yako yote 9. Kila mmoja andika umeishia wapi: umeguswa na mlinzi, umepita juu, umemponyoka baada ya kupigwa, au umemponyoka bila mtu karibu. Aliyodaka nayo, andika yalitakiwa yadi ngapi na kapata ngapi. Njoo nayo hapa.

Mpira usiodakwa si lazima uwe umedondoshwa. Mwenye timu wako ameangalia jedwali la mwisho tu.

Yadi_Saba:

Nimerudi. Imenichukua saa nzima na macho yanawasha.

Mipira 5 aliyoikosa: mitatu imepanguliwa na konabeki (mlinzi anayemkaba mpokeaji), miwili kwenye njia ya kurudi (anakimbia mbele, anasimama, anamgeukia kotabeki, yule mrushaji) na mmoja kwenye mshazari (anakata kwa pembe kuingia ndani). Wa nne ulikuwa mrefu, ukapita juu yake na ya wote. Wa tano ndio alioudondosha kweli, sefti (mlinzi wa nyuma kabisa) alimfika mgongoni wakati uleule mpira unafika.

Mipira 4 aliyodaka: mmoja dauni ya pili, yadi 14. Mitatu ya dauni ya tatu: yadi 8, tukapata dauni mpya. Halafu yadi 4 wakati tunahitaji 6. Halafu yadi 5 wakati tunahitaji 7.

Nikiiangalia hivi naanza kuona aibu kidogo.

Lainibeki_Mstaafu:

Aibu ya nini, sasa ndio tunaongea. Katika makosa matano, mikono ina kesi moja, na hata hiyo moja shahidi wake ni sefti.

Kudaka ni hatua ya mwisho kabisa kwenye hesabu za mchezo huu. Kabla ya hapo kuna msururu. Kwanza aondoke mstarini, pale mchezo unapoanzia, bila kuzuiwa. Afike mahali pa kugeukia. Ageuke, na aliyemfuata achelewe kugeuka. Kotabeki amtazame aone yuko wazi. Mpira urushwe, umfikie. Hapo ndipo programu inauliza: mikono yake ni ngapi? Wewe umejenga mlango wa chuma kwenye nyumba isiyo na ukuta.

Mipira mitatu iliyopanguliwa ni wepesi, hakuna jingine. Mtu wa futi 6 na inchi 3 mwenye wepesi 44 anapofunga breki, anafunga kama lori. Konabeki anakuwa ameshafika na mkono uko mbele yake. Njia ya kurudi na mshazari ndiyo mkate wa mpokeaji wa aina yako, na zote mbili zinaamuliwa pale kwenye kugeuka, si kwenye mbio.

Ule uliomponyoka ni nguvu na ujasiri. Wako anadaka katikati ya watu, hapigwi mara moja kwa mechi, anapigwa kila mpira. Ujasiri 30 maana yake akipigwa mara mbili mwanzoni, robo ya nne anadaka huku amefumba macho.

Halafu bei. Juu ya 80 kila hatua inakula pointi nne. Chini ya 50 ni moja kwa moja. Pointi zako 14 kwenye kudaka zinakupa hatua tatu na chenji. Zikiwa 6 kwenye wepesi, 5 kwenye nguvu na 3 kwenye ujasiri, unapata hatua 14 kamili, na wepesi unafika 50 pale pale kabla bei haijapanda. Mikono iache kwenye 80 msimu mzima, haitaoza.

Na usidanganywe na yadi. Mwaka 2010 DeSean Jackson, mpokeaji wa NFL (ligi kuu ya Marekani), alidaka mipira 47 akapata yadi 1,056. Mwaka 2016 mpokeaji mwenzake Larry Fitzgerald, akiwa na miaka 33, alidaka 107 akapata yadi 1,023. Ukitazama yadi peke yake utasema ni watu wa kazi moja. Mmoja ana zaidi ya yadi 22 kwa kila mpira, mwingine hafiki 10. Na Fitzgerald mwaka ule ndiye aliyeongoza NFL nzima kwa idadi ya mipira aliyodaka. Wewe unamjenga huyo wa pili, basi usimpime kwa fimbo ya yule wa kwanza.

KonaKavu:

Naingilia kati kwa sababu mimi nacheza konabeki, na watu kama mchezaji wako ndio chakula changu.

Mzee amesema kweli kuhusu wepesi, lakini kwenye kasi amepita haraka mno. Nikuambie ninavyomkaba mwenye kasi 58. Nampa yadi tano na siendi popote. Sirudi nyuma hata hatua, maana akinipita bado nitamkamata, na sefti yuko nyuma yangu anapiga miayo. Nasimama pale pale nikimsubiri asimame. Akisimama tu, naruka. Hiyo mipira yako miwili ya njia ya kurudi naijua bila kuiona.

Mpokeaji anayenisumbua ni yule mwenye kasi ya kunitia wasiwasi kidogo tu. Si lazima anishinde mbio. Ni lazima nigeuze kiuno kurudi nyuma, basi. Nikishageuza kiuno, akasimama, nimekwisha.

Kwa hiyo baada ya hizo 14, pointi zinazofuata peleka kwenye kasi mpaka 65 hivi. Na mwombe kocha amtume mbele kabisa walau mara moja kila robo hata kama mpira hauji. Mara moja inatosha kunitoa kwenye kiti.

Nguvu nayo usiidharau. Tangu 1978 NFL inamkataza mlinzi kumsukumasukuma mpokeaji akishapita yadi 5 kutoka mstarini, na mchezo huu unafuata hivyo hivyo. Lakini ndani ya zile tano, nguvu 38 ni zawadi. Namshika kifuani, anachelewa nusu sekunde, kotabeki wako ameshatazama upande mwingine.

Lainibeki_Mstaafu:

Kwenye kasi nakubali nusu. 65 ni nyingi kwa msimu huu, atalala njaa upande wa uoni. Mimi ningesimama kwenye 61 au 62 nione kwanza. Hilo la kumtuma mbele kila robo nakubali lote, halina gharama.

KonaKavu:

62 nitakaa kwenye kiti changu, mzee.

Lainibeki_Mstaafu:

Kaa. Utainuka.

Mpangaji_wa_Mipango:

Habari wadau. Mimi ndiye ninayeandika mipango ya mashambulizi kwenye timu yetu, na kuna kitu mmekiruka, kipo kwenye ripoti aliyoileta mwenyewe.

Mpira wa yadi 4 wakati mnahitaji 6. Mpira wa yadi 5 wakati mnahitaji 7. Mchezaji kafanya kila alichotumwa. Kaenda, kageuka, kadaka. Aliyekosea ni aliyemwekea njia ya kurudi ya yadi nne kwenye dauni ya tatu zikiwa zimebaki sita. Hata umpe wepesi 99, atasimama pale pale alipoambiwa asimame, yadi mbili kabla ya alama ya dauni mpya, azungukwe.

Nenda kwa kocha wako, mwambie kwa heshima: kwenye dauni ya tatu, njia ya huyu ipite alama kwa yadi moja au mbili. Zimebaki sita, asimamie ya saba au ya nane. Marekebisho haya hayana pointi hata moja. Kwenye zile dauni tano, mbili zingebadilika hapo hapo, na ungekuwa na tatu kati ya tano. Mwenye timu asingekuandikia hata salamu.

La pili, mtoe pembeni kabisa. Mwombe acheze ndani, kati ya mstari wa wanaomkinga kotabeki wetu na mpokeaji wa nje. Huko ndani mara nyingi anakabwa na lainibeki (mlinzi mzito wa katikati) au sefti, na wepesi 50 mbele ya lainibeki ni utajiri. Fitzgerald huyohuyo mliyemtaja alihamishiwa kucheza sana ndani miaka yake ya mwisho. Na ukidhani kimo ndicho kitu, Wes Welker alikuwa wa futi 5 na inchi 9, na mwaka 2009 alidaka mipira 123. Warefu wanafaa kwenye mpira wa juu karibu na mstari wa tachidauni, yaani wa kufunga. Kwenye yadi saba, mfupi anayegeuka haraka anakula kabla yako.

Ulinzi wa kanda (kila mlinzi analinda eneo, si mtu) ukija ndio utajua umuhimu wa uoni. Pale hakuna wa kumpita, kuna pengo la kulitafuta na kusimama ndani yake. Mwenye uoni 35 anakimbia anapita pengo na kwenda kusimama kifuani kwa sefti. Hilo ni la msimu ujao lakini liandike mahali.

Yadi_Saba:

Nimezitumia jana usiku kama mzee alivyosema: 6, 5, 3. Mkono ulitetemeka kidogo kwenye kitufe, miezi yote hii sijawahi kutoa pointi nje ya kudaka.

Kocha nimemwandikia. Nilitayarisha maelezo marefu yenye namba zote, halafu nikafuta nikaacha mistari minne. Kajibu kwamba njia za dauni ya tatu atazirefusha kwa sababu "hata wengine wamelalamika", kumbe sikuwa peke yangu. Kumhamishia ndani amekataa, ana taiti endi (mpokeaji mzito anayezuia pia) anayempenda pale. Atanipa michezo miwili mitatu ndani kwa kila mechi, nisiombe zaidi.

Nitarudi baada ya mechi ya Jumamosi.

KonaKavu:

Na kasi?

Yadi_Saba:

Kasi nikipata pointi, mkuu. 63 nimegawanya tofauti yenu.

Yadi_Saba:

Wakuu, mechi imekwisha, tumefungwa lakini si kwa sababu yangu.

Karushiwa mipira 7, kadaka 5, yadi 43. Dauni ya tatu katafutwa mara 4, dauni mpya 3. Mmoja ulikuwa wa yadi 9 tukihitaji 8, akiwa ndani, lainibeki kaganda kabisa, nimeurudia kuutazama mara sita. Mwingine sefti kampiga palepale kama wiki ile, safari hii kaushika.

Waliopangua: mara moja tu, kwenye mshazari. Njia ya kurudi hawajaigusa.

Ila mpira wa saba. Dauni ya kwanza, robo ya pili, mpango rahisi kabisa wa kukatiza. Hakuna mtu ndani ya yadi nne. Kotabeki kamwekea kifuani. Mikono 80. Kaudondosha.

Lainibeki_Mstaafu:

Hiyo ni kete tu. Hata 99 hailipi kila siku.

Bomu_Tu:

Narudia: muuze.

Yadi_Saba:

Simuuzi. Na mwenye timu kaniandikia tena leo asubuhi. Maneno matatu yale yale.