IST imezima kwenye maji Jangwani: injini inapona? Bima kubwa inalipa?

Mkazi wa Kigogo
Wakuu, Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE, imezima ikiwa ndani ya maji Jangwani, Dar. Maji yalipita bampa la mbele. Stata ilipigwa mara moja, ikagonga "tak" ikagoma. Gari limeshasukumwa hadi pakavu. Bima ni kubwa, bado iko hai. Injini ifanyweje isiharibike zaidi? Na bima wanalipa, au watasema ni ubovu wa gari?

Fundi Krenki
Mkuu, stata usiiguse tena. Chomoa waya wa hasi wa betri sasa hivi.

Hiyo "tak" ni dalili ya maji juu ya pistoni. Hewa inagandamizwa, maji hayakubali. 1NZ ina cc 1497 kwa silinda nne na mgandamizo wa 10.5 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama mililita 40. Vijiko vitatu vya chakula vya maji vinaijaza. Injini ikiwa kwenye mwendo, konrodi (mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) inapinda au inakatika na kutoboa bloku. Kwa nguvu ya stata peke yake mara nyingi inakwama tu, kwa hiyo usikate tamaa.

Anza na kichungi cha hewa. Kikiwa kikavu, na bomba lake kavu, huenda ni koili tu zimelowa. Kikiwa kimelowa, chomoa dipstiki ya oili na ya gia boksi. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshafika chini.

Kisha toa koili na plagi zote nne, chomoa rilei ya pampu ya petroli, uzungushe krenki kwa mkono kwa spana ya boksi kwenye bolti ya puli, mizunguko miwili kamili. Ikikwama usilazimishe. Ikizunguka vizuri, rudisha betri upige stata sekunde chache plagi zikiwa nje. Maji yataruka kwenye matundu, uso wako ukae mbali. Tia kijiko kidogo cha oili kila silinda. Badili oili (lita 3.7 pamoja na filta), washa dakika chache, imwage, weka nyingine.

Mwisho pima kompresheni (nguvu ya mgandamizo ya kila silinda), na hapa mafundi wengi wanaruka. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, huenda konrodi imepinda hata kama injini inaunguruma vizuri. Gari la hivyo linaweza kutembea kwa muda, halafu likakatika konrodi barabarani.

Madai ya Bima
Fundi yuko sahihi, ila asifungue kitu kabla bima hawajajulishwa. Wakikuta injini imeshafunguliwa, watauliza ushahidi uko wapi.

Bima ndogo (inayolipa madhara kwa watu wengine tu) hailipi gari lako, kubwa inaweza. Soma mkataba wenyewe, siyo stika. Angalia kama mafuriko yametajwa, maana kuna mikataba inayoyaweka kama nyongeza ya kulipia. Angalia pia kipengele kinachotoa nje ubovu wa mitambo na umeme. Hicho ndicho watakachokishika. Kwa hiyo kwenye fomu usiandike "injini imekufa". Andika: "maji yaliingia kwenye injini kupitia njia ya hewa gari likiwa barabarani penye mafuriko", na tarehe, saa na mahali. Hiyo ni ajali kutoka nje.

Stata uliyopiga itaje kama ilivyokuwa. Madhara ya kuwasha-washa baada ya maji kuingia wanaweza kuyakataa, na mkadiriaji (anayekagua hasara kwa niaba ya bima) ataiona konrodi. Piga picha za mstari wa tope kwenye milango na za kichungi. Kichungi chenyewe usitupe.

Mama Tegeta
Hakiki pia bima yako kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima Tanzania), kabla ya kupeleka madai, kuna mawakala wanaouza stika hewa. Wakikataa kulipa, dai barua inayotaja kifungu walichokitumia. Wakisema uliingia majini kwa uzembe, waambie waonyeshe mkataba unasemaje kuhusu hilo. Msipoelewana, nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na barua hiyo mkononi.

Mkazi wa Kigogo
Asanteni sana. Kichungi kimelowa chote, dipstiki zote safi. Bima wamepokea taarifa, mkadiriaji anakuja kesho asubuhi. Maji yakae humo usiku kucha?

Fundi Krenki
Usiku mmoja sawa, ila kutu kwenye kuta za silinda haichelewi. Waandikie ujumbe leo leo kuomba ruhusa kwamba kesho mkadiriaji asipotokea, utoe plagi na kumwaga maji tu, bila kufungua silinda hedi (sehemu ya juu ya injini). Plagi ziweke kwa mpangilio wa silinda 1 hadi 4, na fundi apige picha kila hatua.

Madai ya Bima
Ruhusa hiyo iwe ya maandishi, hata WhatsApp. Ya simu watakuja kuikana.