Gari la Safari likitolewa bandani: lipigwe rangi upya au libaki na makovu yake?

NjiaYaVumbi: Wakuu, tulijadili hili bila kuzunguka. Gari lililowahi kukimbia Safari, ile rali ya Afrika Mashariki, likitolewa kwenye banda la shamba, kituo cha kwanza ni kwa mpiga rangi. Linarudi linang'aa, milangoni limebandikwa namba za stika, na ushahidi kwamba lilikimbia umebaki kwenye ndoo ya thina. Mimi nasema rangi isiguswe. Kumbukeni ile ya kwanza, Coronation Safari ya 1953, ilikuwa ya magari ya dukani, tena madaraja yaligawanywa kwa bei ya gari. Kwa hiyo Volkswagen iliyokimbia na Volkswagen ya karani zilitoka dukani zikiwa sawasawa. Kinachozitenganisha leo ni matundu, mabano ya taa na alama za mawe. Ukiyaziba hayo, umebaki na gari kuukuu tu. Mnasemaje?

Mzee_wa_Spana: Hayo ni maneno ya watu wasioshika spana. Kila alama ya jiwe ni mlango wa kutu. Gari lipigwe mchanga mpaka chuma cheupe, sehemu zilizooza zikatwe na kuchomelewa bati jipya, ipigwe praima ya epoksi, kisha rangi. Weka oili mpya kwenye injini, oili nzito ya namba 90 kwenye gia boksi na difu (gia za ekseli ya nyuma), kazi imeisha, liendeshwe. Gari la mashindano likikaa tu linakufa: sili zinakauka, pistoni za breki zinashika, petroli inageuka gundi kwenye kabureta. Na Safari ni mali yetu Wakenya, tutaitunza tunavyojua.

BintiUsambara: Mzee shikamoo, lakini hapo mwisho umenichoma. Tangu lini Safari ikawa ya Wakenya peke yao? Ilianza ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland alikuwa mtu wa Dar es Salaam, na akashinda 1966 na 1967 mfululizo. Tope la Usambara limekwamisha madereva wa timu za viwanda vya magari kutoka Ulaya. Shekhar Mehta naye kazaliwa Uganda, kashinda mara tano mfululizo.

Chumvi_Magadi: Mara tano ndiyo, mfululizo hapana. Ya kwanza ni 1973 na Datsun 240Z, halafu nne za kufuatana, 1979 hadi 1982. Dada, ukitaka kutetea Tanzania na Uganda tetea kwa hesabu kamili.

BintiUsambara: Hesabu umeirekebisha, hoja hujaigusa. Mshindi kazaliwa Uganda au hakuzaliwa?

Mzee_wa_Spana: Marahaba binti. Rali ilibaki Kenya wengine walipoiacha. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977 nani aliendelea kuilea? Joginder Singh aliyeshinda 1965, 1974 na 1976 ni mzaliwa wa Kericho.

Kandamiza404: Hayo ya mipaka wamalizane wenyewe. Mimi nimekwama kwenye "namba 90 kwenye difu". Mzee, kwa heshima yote, ushauri huo unaua Peugeot 404, na 404 ndilo gari lililoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Difu yake haina krauni na pinioni kama magari mengine. Ina womu, yaani gia yenye umbo la skrubu, ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la bronzi. Oili ya kisasa ya gia ya daraja la GL-5 ina dawa ya salfa ya kuhimili mgandamizo, na dawa hiyo ikipata joto inaila bronzi. Peugeot walielekeza oili yenye asili ya mafuta ya nyonyo.

Kosa la pili ni kuongezea juu ya iliyomo. Nyonyo na oili ya madini hazielewani, zinaacha tope la kunata linaloziba njia za kulainishia beringi. Endesha gari kwanza, au kama haliendi pasha difu joto, mwaga oili yote, suuza kwa mafuta ya taa, acha ichuruzike usiku kucha, ndipo ujaze aina moja tu. Halafu usidanganywe na plagi ya kumwagia oili yenye sumaku. Bronzi haishikwi na sumaku, kwa hiyo plagi itatoka safi huku gurudumu linakwisha. Chuja oili iliyotoka kwa kitambaa cheupe ukitazame juani. Ukiona unga wa rangi ya dhahabu, difu hiyo usiipandishe mlima.

Mzee_wa_Spana: Habari za miaka ya 60 hizo. Oili za GL-5 za sasa zinapimwa kwa ukanda wa shaba na zinapita.

Kandamiza404: Zinapita kipimo gani? Ukanda wa shaba unakaa ndani ya oili saa 3 kwenye nyuzi 121, basi. Tena kiwango kinaruhusu hadi daraja la 3, yaani shaba iliyokwisha kubadilika rangi ikawa nzito. Difu inaishi ndani ya oili hiyo miaka, si saa 3. Gurudumu la bronzi likiisha hulipati duka la spea lolote, utalichongesha, na fundi asipopata pembe sahihi ya meno litavuma na kuchemka kuliko lile bovu. Kwenye gia boksi weka unachotaka kulingana na kitabu chake. Kwenye difu ya womu, hapana.

Chumvi_Magadi: Kandamiza yuko sawa hapo. Niongeze la injini, maana "liendeshwe" linasemwa upesi mno. Injini iliyokaa miaka hata starta usiiguse. Toa plagi zote, mimina ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) iliyochanganywa na asetoni kiasi cha vijiko viwili kila silinda, acha siku kadhaa, kisha jaribu krenki kwa mkono kwa spana ndefu, ukienda mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikigoma, usilazimishe. Na kwa 404 kuna mtego: layina zake, yaani mikebe ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zimezungukwa na maji na zimekaa tu kwenye bloku juu ya sili ya chini. Ukitoa silinda hedi halafu ukazungusha krenki bila kuzibana layina kwa vipande vya chuma na bolti za hedi, zinanyanyuka. Sili ikishavunjika, maji yanashuka kwenye karta, bakuli la oili chini ya injini, na utashangaa kwa nini oili imekuwa kama maziwa.

Mzee_wa_Spana: Layina najua kuzibana kabla hamjajua jina la rali. Jibuni la kutu, mmelikimbia.

MsomaRamani: La kutu nalijibu mimi, lakini tuanze na mchanga wako. Bati la paa na la boneti ni jembamba na pana. Chembe za mchanga zinaponda uso wa upande mmoja, upande huo unatanuka, bati linavimba na halirudi. Ndipo linafunikwa kwa puti kilo na kilo. Sehemu ndogo kama mabano ya taa na bawaba, tumia umeme: beseni la plastiki, magadi ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, chaja ya volti 12, kipande cha gari kwenye hasi, chuma chakavu kwenye chanya. Chuma hicho kisiwe cha pua, kinatoa kromia yenye sumu ndani ya maji. Fanya nje, maana hidrojeni inayotoka inalipuka. Ukimaliza kausha papo hapo na upake nta. Kwenye bodi yenyewe, kutu isiyotoboa inatulizwa kwa asidi ya fosfori na nta ya kuingia kwenye mianya. Makovu yanabaki, kutu inasimama.

Na kabla ya hayo yote, soma gari. Angalia chini ya dashibodi upande wa msoma ramani kama kuna matundu yaliyokaa kwa mpangilio, hapo ndipo Halda, kifaa cha kupimia umbali, ilifungwa. Fuata kebo ya spidomita hadi gia boksi, mara nyingi kulikuwa na kiungio cha njia mbili cha kuendeshea hiyo Halda. Tafuta nati zilizochomelewa kwenye chasi mbele ya karta, za kinga ya chini. Kwenye buti tafuta alama za mkanda wa kufungia tairi la akiba la pili. Nyaya za ziada zinazopita kwenye ukuta wa injini na kuishia hewani ni za taa. Fundi wa bodi akiona matundu hayo anayachomelea kwa dakika kumi na kujisifu kwa usafi.

Rangi nayo inasomeka. Lowesha pamba kwa thina ya selulosi, gusa mahali pasipoonekana. Rangi ya zamani ya selulosi itatia pamba rangi, ya kisasa ya tuki (2K, inayochanganywa na kigumisho) haitoi kitu. Basi unajua kipi kiliongezwa baadaye. Kisha kwenye mlango, sugua duara la ukubwa wa sarafu kwa msasa wa maji, 800 kisha 1500, taratibu, ukiona kila tabaka kama pete. Namba zilizochorwa kwa mkono wakati mwingine ziko pale pale chini.

NjiaYaVumbi: Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalitafuta. Picha kwanza, na kipimo cha rula kando ya kila tundu, kabla ya spana yoyote.

BintiUsambara: Mnahangaika na magari, na barabara je? Mteremko uliowavunja wote hao unawekwa lami, kona zinanyooshwa, madaraja ya zamani yanang'olewa mawe. Tungeweka alama kwanza njia zilipopita. Gari unaweza kulifungia ghalani, barabara huwezi.

Mzee_wa_Spana: Binti, wanakijiji wanahitaji lami kuliko kumbukumbu za rali. Mgonjwa hafiki hospitali kwa historia.

BintiUsambara: Nani kakataza lami? Nimesema alama. Soma kabla hujajibu.

MsomaRamani: Alama ni sawa, ila ziwekwe mahali pake. Ukichukua namba kutoka ramani za zamani za 1:50,000 ukaziingiza kwenye simu moja kwa moja, utakosea karibu mita 300 kaskazini au kusini. Ramani zile zimejengwa juu ya mfumo wa vipimo wa Arc 1960, simu inatumia wa WGS84. Badilisha mfumo kwanza. Vitabu vya njia vya miaka hiyo navyo viko kwa maili, na Halda ilizidi kukosea kadiri tairi lilivyokwisha, kwa hiyo usipime kutoka mwanzo wa safari. Pima kutoka njiapanda au daraja la karibu lililotajwa, kisha anza sifuri tena.

Chumvi_Magadi: Na daraja lenyewe likiwa limehamishwa?

MsomaRamani: Tafuta nguzo za zamani mtoni, aghalabu hazing'olewi, wanajenga jipya kando. Nenda kiangazi maji yakiwa chini.

Mzee_wa_Spana: Kandamiza, hiyo oili ya nyonyo inapatikana wapi kwa madebe? Nauliza, bado sijakubali.

Kandamiza404: Mzee, ulizia wanaouza oili za pikipiki za mashindano, za R40. Soma kopo: iandikwe nyonyo, isiwe "ya aina ya nyonyo". Na suuza kwanza.