Tupeane uzoefu: kumfundisha mtoto mwenye usonji kupiga mswaki

MleziWaWawili: Ile mada ya hapa jukwaani ya kumnyoa nywele mtoto mwenye usonji imenikumbusha mswaki. Wengi hukwama kwa sababu wanaanzia mdomoni. Anza mbali: mswaki mkavu kwenye kiganja, siku nyingine shavuni, kisha midomo, ndipo meno ya mbele. Hesabu moja hadi tatu, utoe. Utoe kweli, hata kama ametulia na unatamani kuendelea. Ukiongeza ya nne, hesabu yako haiaminiki tena, na kesho atabana midomo kabla hujafungua dawa ya meno.

BiSubira: Hapo kwenye kutoa ndipo penyewe.

MwalimuKitengo: Ivunjeni kazi vipande vidogo: kushika, kulowesha, dawa, magego ya chini kulia, ya kushoto, juu vilevile, mbele, kutema, kuosha mswaki, kuurudisha. Msaidie vyote, mwachie kile cha mwisho. Akiurudisha bila kuguswa mkono, mwachie na kuosha. Kila siku anamaliza yeye, na zawadi anaipata papo hapo.

Nahodha: Sikubaliani, mwalimu. Mtoto anayefuata picha za hatua zilizobandikwa ukutani ukimwanzishia mwisho unamvuruga.

MwalimuKitengo: Picha anazipitia zote kwa mpangilio, ndugu yangu. Kinachoanzia mwisho ni msaada ninaouondoa.

TabibuMeno: Mnabishana hatua wakati mara nyingi kosa liko kwenye dawa. Mnanaa unamchoma, povu linamjaa mdomoni. Tafuteni isiyo na ladha wala sodiamu laurili salfeti, ndiyo inayoleta povu. Floridi, madini yanayokinga meno yasioze, ibaki. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Ateme, asisukutue.

Kijana_M: Mshikeni tu dakika mbili, yaishe.

BiSubira: Hapana mwanangu! Leo utayapata meno, wiki nzima utamkosa mtoto. Simama nyuma yake mbele ya kioo, kichwa kiegemee kifuani kwako. Anaona mkono unapotoka, nawe unafika kwenye magego.

TabibuMeno: Jambo zito kuliko yote: mtoto aliyekwisha kuzoea akikataa ghafla, msimwite mkaidi. Fikirieni jino bovu. Asiyezungumza ataonyesha kwa kujipiga shavu, kutafuna upande mmoja, kukosa usingizi. Simamisheni mafunzo, daktari wa meno amwone kwanza. Mkilazimisha, mswaki unageuka kuwa ndio maumivu yenyewe, na baada ya matibabu mtaanza upya kwenye kiganja.

MleziWaWawili: Asante sana, tabibu. Hili liwekwe juu kabisa.

Nahodha: Na anayeung'ata mswaki?

MwalimuKitengo: Miswaki miwili. Mmoja aung'ate upande wa kulia, wewe safisha kushoto, kisha badilisheni.

Kijana_M: Wa umeme je?

BiSubira: Kuna wanaoupenda mtetemo, kuna wanaoukimbia mlio. Uwashe kwanza akiwa ameushika mwenyewe, mbali na uso.