Fundi wa Mwanga, betri yangu haikuwa mbovu!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sizunguki. Ndani ya miezi mitatu nimenunua betri ambayo gari halikuihitaji, na kidogo tu niuziwe ya pili.

Gari ni IST. Mwezi wa pili alfajiri nimeenda Kibirizi, hapahapa Kigoma, kufuata dagaa, nageuza ufunguo nasikia "tk tk tk", taa za dashibodi zinafifia. Nikampigia fundi wangu wa Mwanga. Kaja na bodaboda, kafungua boneti, kaangalia kwa macho tu, mita ya kupimia volti hana. "Bosi, betri imekufa hii." Baada ya saa moja nimeshatoa 190,000, gari linawaka, nampa na ya soda. Betri ya zamani akasema, "Hiyo niachie, nitakusaidia kuitupa." Nami nikamshukuru! Wanunuzi wa skrepa wanapima betri bovu kwa kilo na kulipa taslimu, mimi nashukuru.

Na ufungaji wenyewe sasa. Alianza kufungua chanya wakati hasi bado imefungwa, spana namba 10 ikagusa bodi, cheche zikaruka nami nikaruka. Hasi inatoka kwanza na inarudi mwisho, kwa sababu bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Betri nayo inatoa haidrojeni. Cheche moja inaweza kuipasua, asidi ikakuishia usoni. Yeye sigara mdomoni! Kishikio cha betri hakikumwenea, akafunga kwa mpira wa tyubu. Kwa mashimo ya mitaa yetu, betri inayorukaruka hivyo sahani zake za ndani zinapukutika.

Mwezi wa nne, tk tk tk. Fundi yuleyule: "Hiyo umeuziwa feki, au altaneta haichaji," yaani ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Nimeuziwa na nani? Si yeye aliyenipeleka dukani? Dukani nako waranti imegoma, eti umeme wa gari langu ndio wenye shida. Tukabusti, likawaka, jamaa akachomoa terminali ya betri injini ikiunguruma, anapima altaneta kwa mtindo huo! Haikuzima, akatangaza altaneta nzima. Redio ikafa palepale mpaka leo. Ukichomoa betri hivyo, volti za altaneta zinaweza kupanda ghafla na hakuna cha kuzimeza. Ikiungua kompyuta ya gari utauza shamba la michikichi. Mita ya bei ndogo tu ingemjibu: injini ikiwaka, kwenye vichwa vya betri usome kama volti 13.8 hadi 14.5.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yangu, fundi umeme mstaafu wa reli. Nikamwamkia, nikaanza kueleza. "Marahaba. Lete gari mwanangu, usilete maneno." Akapima: volti 12.6, betri imejaa. Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma cha injini, akasema piga stata. Ikasoma zaidi ya volti 3. "Hapa haitakiwi kufika hata moja." Akachana mpira wa waya wa hasi: shaba yote imegeuka kijani, inapukutika kama unga, nyuzi nne tano ndizo zimeshikilia. Kila betri ikibadilishwa waya unatikiswa, unashika tena kwa muda, fundi anaonekana bingwa.

Waya mpya na terminali, 15,000. Ule ukungu mweupe wa kwenye vichwa akauosha kwa maji ya moto na magadi ya kupikia maharage, akapiga msasa, akafunga, akapaka grisi. Gari likawaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Hela ya kazi mzee alikataa, akachukua migebuka miwili.

Sasa Jumamosi nimepita sokoni Mwanga, namwona fundi wangu kapaki Vitz yake, boneti wazi. Betri iliyomo ina alama nyekundu kwenye chanya, rangi ya kucha ya mke wangu, niliipaka mwenyewe mwaka jana.

Fundi, najua humu unapita. Inawaka vizuri?