Masundosundo njia ya haja kubwa yanarudi kila yakichomwa. Chanjo ya HPV, kirusi kinachoyaleta, itanisaidia?

MamaKibada: Habari wadau. Ni mwanamke wa miaka 36, natumia dawa za kufubaza VVU na kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Nina masundosundo njia ya haja kubwa. Yalianza kama vipele laini, nikajua bawasiri. Hospitali walipaka asidi, baadaye wakachoma kwa umeme. Yanaisha, kisha yanachipua upya pembeni ya kovu. Shoga yangu anasema nichanje ile ya mabinti wa shule, eti yatakwisha kabisa. Hospitali binafsi wanayo ila bei inatisha. Nitoe hela? Na jamani, kinyume na maumbile sijawahi. Nesi alivyoniuliza mbele ya watu nilitamani ardhi inimeze.

Mzee_wa_Tiba: Maji ya betri, dada. Wiki moja tu yanadondoka.

Faru_72: Mzee, acha kuunguza watoto wa watu!

Mhudumu_CTC: Pole dada. Yule nesi alikosea. HPV huenea kwa ngozi kugusana na inaweza kutoka ukeni ikafika nyuma bila tendo hilo.

Kuhusu chanjo: inakinga aina ambazo hujazipata. Haiui kirusi kilichokwisha kukaa kwenye ngozi wala haing'oi sundosundo lililoota. Karibu 90% ya masundosundo huletwa na HPV aina ya 6 na 11, na bila shaka mojawapo unayo tayari. Ukiamua kuchanja, uliza jina kabla ya kulipa. Cervarix ni ya 16 na 18 tu, masundosundo haiyahusu. Gardasil ndiyo yenye 6 na 11. Tena mwenye VVU huchoma dozi tatu ndani ya miezi sita, si moja kama mabinti.

Upendo_Moro: Mbona mimi nilichanja na hayajarudi?

Mhudumu_CTC: Nafurahi, Upendo, ila huenda CD4 (chembe za kinga mwilini) zilipanda kipindi hicho hicho, maana kinga ikiimarika mwili wenyewe huyabana. Kuna utafiti wa Marekani na Brazili, ulitoka 2018, kwa wenye VVU wa miaka 27 na kuendelea. Chanjo haikuzuia HPV kung'ang'ania njia ya haja kubwa, wakausitisha mapema.

MamaKibada, mimi ningeuliza jambo jingine kwanza: kuna aliyekuangalia ndani?

MamaKibada: Hakuna. Wote wamechomea nje.

Mhudumu_CTC: Basi anzia hapo. Yaliyobaki ndani hayaonekani ukilala kitandani, na yasipotibiwa unaweza kuchomwa nje mpaka uchoke. Omba rufaa kwa daktari wa upasuaji, apime kwa kidole na kile kifaa kifupi cha kuchungulia. Kama kuna panapotoa damu au pagumu, akate kinyama kipelekwe maabara. Masundosundo mengi si saratani, ila aina ya 16, ile inayoleta saratani, hupenda kukaa humo humo. Utafiti wa ANCHOR wa Marekani, 2022, ulionyesha kwamba wenye VVU wa miaka 35 na zaidi wakitibiwa mabadiliko ya awali ya seli kabla hayajawa saratani, saratani ya njia ya haja kubwa hupungua kwa zaidi ya nusu. Shingo ya kizazi nayo wakuangalie, hiyo haina mjadala.

MamaKibada: Asante. Na mume wangu?

Mhudumu_CTC: Naye aangaliwe kama ana vipele. Kondomu inapunguza, haizuii kabisa.

Faru_72: Dada, ukimwomba daktari mwanamke hawakatai. Mke wangu alifanya hivyo.