Wanaojitolea kutibu mifugo wakati wa mafuriko: tuwape nafasi au tuwazuie?

Ndugu zangu, msimu mmoja wa masika nilikuwa Kigogo, hapa Dar es Salaam, maji yamenifika mapajani, mikononi nimebeba mbuzi jike aliyebugia maji ya mto. Baba mmoja aliyekuwa juu ya paa akanipigia kelele: "Watu wanazama, wewe unahangaika na mbuzi!" Waliokuwa karibu wakamuunga mkono. Sikumjibu, kazi ilikuwa nyingi. Namjibu leo, na mwenye hoja ya kunipinga aitoe.

Mwenye mbuzi yule ni bibi anayelea wajukuu watatu. Vijana walikuwa wameshamfuata mara mbili atoke, akakataa. Si ukaidi. Mbuzi wake wanne ndio ada ya shule, ndio rejesho la vikoba. Aliposikia mbuzi nao wanatolewa, alijifunga kanga, akawashika wajukuu, akatoka. Sasa niambieni, pale tuliokoa mbuzi au watu?

Marekani waliliona hili kwenye kimbunga Katrina mwaka 2005, watu walipogoma kuhama bila mbwa na paka wao. Mwaka 2006 wakapitisha sheria inayotaka mipango ya dharura ya majimbo iwafikirie pia watu wenye wanyama. Sisi, tangu mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu wapatao 40 jijini na kuzipeleka familia nyingi Mabwepande, tunahesabu magodoro, vyandarua na unga. Mabanda hayahesabiwi.

Halafu kuna afya yetu wenyewe. Maji yakishuka, mizoga hubaki kwenye matope, na wapo wanaochuna vibudu na kuuza nyama mtaani. Mkojo wa panya, mbwa na mifugo ukiingia kwenye maji tunayoyakanyaga unaweza kuleta homa ya mgunda, ile iliyotutia hofu Lindi mwaka 2022. Anayezunguka kukagua mabanda na kusimamia mizoga ifukiwe anamlinda mtoto wa jirani.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya mama mmoja mfugaji wa Tabata. Anasema wanaojitolea wengine ni vijana wenye bomba la sindano tu, wanachoma antibayotiki kwa kukisia. Ni kweli, nimewaona. Nimeona ng'ombe aliyekuwa amechoka tu akinyweshwa dawa kwa chupa, ikaingia mapafuni, akafa kesho yake. Sheria ya Veterinari ya 2003 haikuacha tiba mikononi mwa kila mtu. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: asiyesajiliwa asichome sindano. Afanye yale yasiyohitaji cheti: kumtoa mnyama majini, kumkausha kwa gunia kavu, kumweka mahali pasipo upepo, kufunga jeraha linalovuja damu, kuosha kwato zenye matope zisije zikaoza, kisha kumpigia simu bwana mifugo.

Mbwa ndio mtihani. Mbwa aliyetishwa na maji huuma hata anayemwokoa, na kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba. Mtu asiyechanjwa dhidi ya kichaa hicho asimshike. Na tusigombane na anayesema mate ya mbwa ni najisi, hawezi kuswali alipolala mbwa. Ana haki. Mbwa wafungwe mbali na madarasa wanamolala watu, na wachanjwe kabla ya mvua, siyo siku maji yakishaingia.

Ninachotaka ni kidogo. Serikali ya mtaa iwe na orodha ya wanaojitolea, bwana mifugo wa kata awafundishe hata siku mbili kabla ya Machi, na ipangwe mapema mifugo itafungwa wapi. Masika yale ya Kigogo tuliwafunga kwenye magoli ya uwanja wa shule, mvua ikiwanyeshea usiku kucha, na asubuhi wawili walikuwa wamekufa. Wa bibi walipona wote wanne.

Wa Jangwani, Mchikichini, Vingunguti: kwenu kuna sehemu ya juu inayofaa kwa banda la dharura? Na nani atakubali lijengwe karibu na nyumba yake?